Dhamana ya Mwenye Kuweka Kizingiti

Kizingiti ni ubao au jiwe lilazwalo mlangoni. Tena ni mwamba au boma lizuialo maji katika mto. Maana hizi mbili zina asili moja. Kizingiti ni mpaka ambao kitu hakihesabiwi kuwa kimeingia, au kimetoka, hata kiuvuke. Mgeni aliye uani hajaingia nyumbani. Maji yaliyo nyuma ya mwamba hayajawa mto. Lakini baina ya vizingiti hivi pana tofauti moja kubwa. Mwamba wa mtoni uliwekwa na maumbile, wala hapana awezaye kuulaumu. Kizingiti cha mlango kiliwekwa na mtu. Ardhi haikumwambia kuwa hapa ndipo ua unapokoma na nyumba inapoanza. Aliamua mwenyewe, na baada ya kuamua kwake, kila apitaye hulazimika kuinua mguu mahali alipotaka yeye.

Tangu zamani mwanadamu ametafuta msaidizi wa macho yake. Katika mashamba ya mpunga mwamizi huketi juu ya dungu akawafukuza ndege kwa sauti na kwa kombeo. Katika miji, mbiu ya mgambo ikilia watu walijua kuwa kuna jambo. Mwamizi na mpiga mbiu walikuwa watu: waliweza kusinzia, kudanganywa au kuogopa, lakini asubuhi waliweza kuulizwa kwa nini hawakupiga kelele. Siku hizi kazi hiyo imepewa mashine. Katika ofisi, ghala na hospitali hutumika dashibodi, yaani ubao katika kioo cha kompyuta uonyeshao hesabu za shughuli mahali pamoja: akiba iliyobaki, fedha zilizoingia, wagonjwa waliopokewa, mizigo iliyochelewa. Kwa kuwa hapana awezaye kuutazama ubao huo usiku na mchana, programu kama Power BI na Tableau humruhusu mwenye nao kuweka kiwango katika hesabu fulani. Hesabu ikivuka kiwango hicho, arifa humfikia katika simu au barua pepe bila ya mtu kuipeleka. Hiki ndicho kizingiti cha zama hizi. Swali ni hili: mtu awekaye kengele ya namna hii, je, ameutua mzigo wa kulinda, au amejitwika mzigo mwingine ulio mzito kuliko wa kwanza?

Swali la jumla hupotea hewani lisipofungwa mahali. Na lifungwe Uyole, mashariki ya jiji la Mbeya, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Hapo ni njia panda. Barabara moja huenda Iringa na hatimaye Dar es Salaam; nyingine hupanda milima kwenda Tukuyu, ikashuka Kyela na mpaka wa Malawi. Hapo pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho jina lake limeingia katika majina ya mbegu za maharage, kama Uyole 84, Uyole 96 na Njano Uyole. Tena hapo hupita viazi mviringo vya milimani, vikipakiwa katika malori kwenda kulisha miji iliyo mbali.

Achukuliwe kwa mfano mfanyabiashara mmoja wa viazi, wa kubuni, mwenye ghala Uyole na wanunuzi Dar es Salaam. Dashibodi yake humwonyesha magunia yaliyo ghalani, bei ya sokoni, na saa ambazo lori limekuwa njiani. Siku moja huketi ili aweke kengele. Programu humwuliza mambo matano. Hesabu ipi ilindwe? Mpaka uwe wapi? Hesabu itazamwe mara ngapi? Arifa apelekewe nani? Na ikiisha kulia mara moja, ikae kimya muda gani kabla ya kulia tena? Maswali haya yana sura ya ufundi, na mfanyabiashara huyajibu upesi, mithili ya mtu ajazaye karatasi ya forodha. Lakini kila moja ni swali la haki lililovaa nguo za hesabu.

Na lianze swali la mpaka. Kila kengele inaweza kukosa kwa namna mbili. Inaweza kulia pasipo na jambo, na inaweza kunyamaza penye jambo. Laiti siku njema na siku mbaya zingekuwa na hesabu zisizochanganyika kabisa, ingewezekana kuweka mpaka baina yao na kosa lisitokee. Lakini hazikutengana hivyo. Magunia 40 ghalani huweza kuwa dalili ya upungufu, na huweza kuwa desturi ya Ijumaa jioni. Mpaka ukisogezwa upande mmoja, makosa ya uongo hupungua na makosa ya kimya huongezeka. Ukisogezwa upande wa pili, mambo hugeuka. Hapana mpaka uondoao makosa yote mawili. Kwa hiyo awekaye mpaka hachagui baina ya kukosa na kutokukosa. Anachagua kosa gani livumiliwe zaidi. Na hapa ndipo maadili yanapoingia, kwa sababu makosa hayo mawili aghalabu hayamwangukii mtu mmoja. Kengele ya uongo humsumbua mwenye simu. Kimya cha uongo humdhuru mwenye tumbo.

Jambo hili laonekana vema katika ugonjwa wa viazi vyenyewe. Ukungu ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, ukasababisha vifo vya watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi, hustawi penye unyevu na ubaridi wa kiasi. Mwaka 1956 L. P. Smith alitoa huko Uingereza kanuni ya kuutabiri. Kama siku mbili zimefuatana ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10, na katika kila siku hewa ikawa na unyevu wa asilimia 90 au zaidi kwa saa 11, basi mkulima na aonywe. Kanuni hiyo ilitumika kwa miaka mingi. Mwaka 2017 kanuni mpya, iliyotoka katika Taasisi ya James Hutton ya Scotland, iliacha siku mbili na nyuzi 10 kama zilivyokuwa, lakini ilizipunguza saa 11 zikawa sita. Sababu ni kwamba ukungu ulikuwa ukizuka mahali ambapo kanuni ya zamani ilinyamaza. Hesabu iliyodhaniwa kuwa sheria ya maumbile ilionekana kuwa ni uamuzi wa watu, uliofaa kwa wakati wake, ukahitaji kuamuliwa tena.

Sasa kanuni hiyo na ichukuliwe kama ilivyo ipelekwe Uyole, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Wakati wa mvua usiku haushuki mara nyingi chini ya nyuzi 10, na ukungu wa hewa hutanda milimani toka jioni mpaka asubuhi. Kengele ya Scotland ingelia karibu kila siku. Mkulima atiiye kila mlio angemaliza fedha zake katika dawa; mkulima achokaye angeizima simu, na siku ya hatari yenyewe asingesikia kitu. Kengele ingekuwa haikusema uongo hata mara moja, na bado isingekuwa na faida. Kizingiti kilichochongwa kwa mlango mmoja hakifai mlango mwingine kwa sababu tu ubao ni mzuri.

Husemwa na wataalamu kwamba dawa ya matatizo haya ni kumwachia mashine ajiwekee mpaka. Programu hutazama hesabu za zamani, ikapata wastani wake na mtawanyiko wake, kisha ikalia pale tu hesabu mpya inapokwenda mbali na desturi. Njia hii ina manufaa makubwa. Hutofautisha mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa, ikalinganisha Machi na Machi, wala haimshtui mtu kwa jambo ambalo hutokea kila mwaka. Lakini haikuondoa uamuzi. Imeuficha ndani zaidi. Aliyesema kuwa umbali wa mitawanyiko miwili ndio wa kutisha, wala si mitatu, ni mtu. Tena mashine hujifunza desturi, na desturi si lazima iwe adili. Zahanati iliyokosa dawa kila mwezi kwa miaka mitano itaifundisha mashine kwamba kukosa dawa ndiko kawaida, na kengele itakaa kimya kwa amani kamili juu ya mateso ya watu. Ubaya uliodumu huacha kuonekana kuwa ubaya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nyoyo za watu kabla ya kuwa katika mashine.

Swali la pili ni la kipimo chenyewe. Mfanyabiashara wa mfano amechagua kulinda magunia. Gunia ni nini? Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu mfungasho wa mazao uzidi kilo 100. Lakini kila mtu aliyesimama penye soko la viazi anaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa likapita mdomo wake, likashonewa kilemba cha wavu au cha gunia jingine juu, ili mkulima auze kingi kwa bei ya gunia moja. Katika dashibodi lumbesa ni moja, na gunia halali ni moja. Hesabu ya magunia ikishuka, kengele italia kwamba akiba ni haba, ilhali ghala limejaa. Ikipanda, itanyamaza, ilhali mkulima amepunjwa. Mashine haikukosea kuhesabu. Imehesabu kwa uaminifu kitu kilichoharibiwa kabla ya kuifikia. Mtu ayaonaye matarakimu yamepangika vizuri katika kioo husahau kwamba mwanzo wa kila tarakimu ni mkono wa mtu penye mzani, na kwamba mkono huo una tamaa zake na hofu zake.

Swali la tatu ni la kimya. Kengele isipolia, mwenye kulala hudhani kwamba hapana jambo. Lakini kimya kina maana mbili: huenda mambo ni salama, na huenda kengele imekufa. Arifa za dashibodi hazitazami dunia. Hutazama hesabu zilizoingizwa. Hesabu zisipoingizwa, hapana kivukwacho. Habari za viwavijeshi zinafundisha jambo hili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Afrika ya Mashariki imekuwa na utaratibu wa kuwatabiri wadudu hao kwa mitego ya nondo, pamoja na kupima mvua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na utaratibu wake. Kituo cha Tanzania kikawa Tengeru, karibu na Arusha. Mtego huvuta nondo, mtunzaji huwahesabu, na hesabu hupelekwa kila juma. Nondo wakiwa wengi na mvua ikanyesha, onyo hutolewa, kwa kuwa mvua huwateremsha nondo pamoja na kuotesha majani watakayokula watoto wao. Huo ni mpango wa busara, maana huunganisha dalili mbili, wala haupigi kelele kwa moja peke yake.

Lakini mtego ambao mtunzaji wake hakuleta habari, na mtego ambao haukunasa nondo, huweza kuandikwa katika daftari kwa alama moja: sifuri. Baina ya sifuri hizo mbili pana shamba zima la mahindi. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 palijaribiwa, kuanzia wilaya ya Kilosa, utabiri wa kijijini, ambapo mtego, kipimo cha mvua na uamuzi wa kuonya vilikuwa mikononi mwa wanakijiji wenyewe. Aliyehesabu nondo alikuwa na shamba karibu na mtego. Kimya chake, kama angenyamaza, kingemrudia yeye. Kutoka hapo yaweza kutolewa kanuni: kila kengele ilindwe na kengele nyingine iliayo pale hesabu zinapokosa kufika, na kama yawezekana, mwenye kuleta hesabu awe ni mwenye kuumia zikikosekana.

Swali la nne ni la wingi. Mtu akiisha kuona jinsi ilivyo rahisi kuweka kengele moja, huweka kumi. Idara ya pili huweka ishirini. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, na sikio lisikialo sana haliko mbali na uziwi. Mwaka 2013 taasisi ya Joint Commission ya Marekani, ambayo hukagua hospitali, ilitoa onyo juu ya kengele za mashine za wagonjwa. Kutoka Januari 2009 hadi Juni 2012 ilikuwa imepokea habari za matukio 98 yaliyohusu kengele hizo, na katika 80 wagonjwa walikufa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni wauguzi kuchoshwa na milio mingi, na kengele kuzimwa au kupunguzwa sauti. Watu hao hawakuwa wavivu wala wakatili. Walikuwa wamefundishwa na mashine yenyewe kwamba mlio hauna maana.

Kinyume cha hayo ni mfano wa Shirika la Afya Duniani juu ya homa ya uti wa mgongo katika nchi za Afrika ambako huzuka mara kwa mara. Kwa wilaya zenye watu kati ya 30,000 na 100,000, tangu mwaka 2014 pana vizingiti viwili. Wagonjwa watatu kwa kila watu 100,000 katika juma moja ni kizingiti cha kwanza: hapo huanza uchunguzi, hupelekwa sampuli, huandaliwa vifaa. Wagonjwa 10 ni kizingiti cha pili: hapo chanjo huombwa na tiba ya mlipuko huanza. Uzuri wa mpango huu hauko katika tarakimu tu. Uko katika jambo hili, kwamba kila tarakimu imeoana na tendo. Hapana kengele iliayo kwa kusudi la kulia. Mwenye kuisikia anajua la kufanya kabla hajaisikia.

Na hapo ndipo lilipo swali la tano, ambalo ni kubwa kuliko mengine: arifa apelekewe nani, na apewe wajibu gani? Ili lipimwe, haitoshi ghala la viazi. Yafaa kufuata maji.

Njia itokayo Uyole kwenda Iringa hushuka pembeni mwa bonde la Usangu, ikapita Igurusi na Chimala. Vijito vya milima ya Uporoto na Kipengere huteremka katika bonde hilo, vikanywesha mashamba ya mpunga, makubwa kama ya Mbarali na Kapunga pamoja na madogo yasiyohesabika, na malisho ya mifugo. Yabakiayo hujikusanya katika ardhi chepechepe ya Ihefu. Mwisho wa Ihefu, mahali paitwapo Ng'iriama, pana mwamba uliolala kwa kukingama. Huo ni kizingiti kwa maana ya kamusi. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, hufurika na kuwa mto Ruaha Mkuu, ukapita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukafika bwawa la Mtera na kisha Kidatu. Maji yakishuka chini ya mwamba kwa kiasi cha kiganja tu, mto hukoma.

Huko mbele, Msembe ndani ya Hifadhi, pana kituo cha kupima maji ya mto kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka hapo kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za kituo, na tangu hapo umekauka tena mwaka baada ya mwaka katika kiangazi. Viboko na mamba walibaki katika madimbwi. Hapa yafaa kuulizwa: kengele ilikosekana? La. Hesabu zilikuwako. Kila mwaka kabla ya mwaka huo maji ya kiangazi yalikuwa yakipungua, na karatasi zilionyesha. Kilichokosekana ni mtu ambaye hesabu hizo zilimfunga. Mpimaji alipima, akaandika, akatuma. Na kwa kupima, kuandika na kutuma alikuwa ametimiza wajibu wake wote. Baada yake hapakuwa na aliyeambiwa: maji yakifika hapa, wewe fulani utafunga mfereji fulani.

Kule Mtera palikuwa na tarakimu nyingine. Bwawa likijaa maji hufika mita 698.5 juu ya bahari. Yakishuka mpaka mita 690, ndio mwisho wa maji yaliyokusudiwa kuzalisha umeme. Mtera ina mitambo ya megawati 80 na Kidatu megawati 204. Tarakimu hiyo ya 690 ilikuwa na wenyewe. Ilipokaribiwa, taa zilizimika Dar es Salaam, viwanda vikasimama, magazeti yakaandika. Katika ukame uliofikia kilele chake mwaka 2006 nchi nzima ilijua maana ya mgao wa umeme. Vizingiti viwili vya mto mmoja: kimoja kilipovukwa, ndege na viboko walijua, pamoja na wanawake wachotao maji, cha pili kilipovukwa, mji mkubwa ulijua. Si vigumu kukisia ni kipi kilichosikika.

Ahadi zilitolewa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza huko London kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ulipita, na mto uliendelea kukauka. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, baadhi wakahamia mkoa wa Lindi. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wako waliosema kuwa mfugaji ndiye aliyekausha mto. Watafiti kadhaa walioyapima maji walionyesha kwamba sababu kubwa ya kukauka ni maji yachukuliwayo kwa mashamba katika kiangazi, na kwamba upungufu wa umeme hauwezi kuelezwa kwa Usangu peke yake bila ya kutazama jinsi mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa. Haya ni mabishano ya wenye elimu, na yana pande zake. Lakini jambo moja halina ubishi: kengele iliyosikika ililia Mtera, nao walioambiwa wahame waliishi Usangu. Mlio na malipo havikuwa mahali pamoja.

Hilo ndilo fundisho la mto kwa mwenye dashibodi. Mfanyabiashara wa Uyole anapoandika katika programu kwamba arifa ije kwake mwenyewe pale faida ishukapo, na asiandike kwamba arifa ije kwa yeyote pale dereva wake apitishapo saa 16 bila ya kulala, amekwisha kupanga nani aitwe mtu na nani aitwe gharama. Hakutamka neno ovu. Pengine hakuwaza neno ovu. Ameacha nafasi moja wazi katika kioo, na nafasi hiyo ni mtu.

Yaweza kupingwa, na upinzani huu una uzito, kwamba macho ya binadamu hayakuwa bora. Mwamizi alisinzia. Mpiga mbiu alihongwa. Mkaguzi aliona ufa katika ukuta wa ndugu yake akasema haukuonekana. Mashine haina ndugu. Ikiambiwa 690, huilia 690 kwa tajiri na kwa maskini, mchana na usiku, wala haichoki. Je, si haki zaidi kuwekwa chini ya tarakimu isiyopendelea kuliko chini ya jicho lipendelealo? Ni kweli, na asiyeikubali kweli hiyo hajawahi kuonewa na mkaguzi. Mizani nayo haipendelei, na kwa sababu hiyo watu walioonewa sokoni wameililia mizani siku zote. Lakini mizani isiyopendelea huweza kukaa katika duka lenye upendeleo. Kutokuwa na upendeleo kwa mashine huanza baada ya mpaka kuwekwa. Upendeleo wote, kama uko, umekwisha kufanyika katika kuuweka. Kwa hiyo mashine haikupunguza haja ya watu waadilifu. Imeihamisha haja hiyo kutoka kwa mlinzi wa usiku ikaipeleka kwa mpangaji wa mchana, akaaye katika kiti kizuri, ambaye hapana amwonaye na pengine hajui mwenyewe kuwa anahukumu.

Basi jibu la swali la mwanzo ni kwamba mzigo haukutuliwa. Mlinzi wa zamani aliukosea usiku mmoja. Awekaye kizingiti huweza kukosea kila usiku mpaka atakapokirekebisha, naye yu kitandani. Kwa kuwa ni hivyo, wajibu wake wafaa kuwa mkubwa kuliko wa mlinzi, wala si mdogo. Apaswa kuwauliza wale watakaoumia kwa kimya chake, si wale tu watakaosumbuliwa na kelele zake. Apaswa kuandika kando ya kila tarakimu sababu yake, ili ajaye baada yake asiidhani kuwa imeshuka mbinguni. Apaswa kutaja jina la mtu na tendo la mtu katika kila arifa, maana kengele ya wote ni kengele ya mtu asiyekuwako. Apaswa kuirudia kila msimu, kama kanuni ya Smith ilivyorudiwa baada ya miaka 61. Na jina lake mwenyewe liwe mahali panapoonekana, ili asubuhi aweze kuulizwa kama mwamizi alivyoulizwa.

Mwamba wa Ng'iriama hauwezi kuulizwa. Haukujua kuwa upo, wala haukukusudia kuyazuia maji au kuyaruhusu; na kwa sababu hiyo haulaumiwi na kiboko katika dimbwi lake, wala na mkulima, wala na mji ulio gizani. Mwanadamu hawezi kupewa udhuru wa mwamba. Yeye huchagua mahali pa kulaza ubao wake, na aliye nje ya mlango ana haki ya kumwuliza kwa nini ameulaza hapo.